Barua Zinazofuata Nyayo Zangu

Nyumba Namba 31,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu za dada yako mzee, ambaye bado anatembea, bado anakula, na bado anakatazwa na daktari kila kitu kitamu. Vipi hali yako huko ng'ambo ya mpaka? Presha imetulia? Na kile kikohozi, kimekuacha au bado unakifuga? Shemeji yako hajambo. Meno yamebaki machache ila maneno hayajapungua hata moja. Sisi ni wazima, tunashukuru.

Aliyekukabidhi barua hii ni mwanao mwenyewe, Njiti. Najua umeshtuka. Mpe maji, mpe chakula, mwache alale, kisha ujifungie chumbani usome hadi mwisho kabla hujamuuliza chochote. Bahasha nimeibandika kwa gundi ya mbao ya shemeji yako, maana huyu mtoto ni mdadisi kama wewe.

Nimemwambia kwamba unaumwa mgongo, huinuki kitandani, na huna wa kukuchotea maji. Kwa hiyo ukifika hapa, tafadhali jishike kiuno ugune kidogo. Kama ulimfungulia mlango ukirukaruka, sema umepata nafuu ya ghafla kwa furaha ya kumwona, kisha urudi kulala. Enzi za shule ulikuwa bingwa wa kuugua kila siku ya mtihani. Sidhani kipaji kimepotea.

Sasa nikueleze kwa nini nimekutia ugonjwa usio nao.

Sikuwahi kukuambia kwamba dada yako amekuwa mwanasiasa. Cheka, nakusubiri. Ni mwaka na nusu sasa tangu nijiunge na umoja wa akina mama wa tawi la chama. Tunakutana kila Alhamisi katika ukumbi ulio juu ya duka la rangi, mahali ambapo ukikaa saa mbili unashuka ngazi kichwa kikizunguka kama umekunywa. Tunafunga vifurushi vya askari walioko mstari wa mbele. Kipande cha sabuni, wembe, sindano na uzi, soksi jozi moja, na barua fupi ya kumtia mtu moyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuma soksi. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti inayotikisa madirisha ambaye sisi tunamwita Kipaza, aliinua jozi yangu ya kwanza mbele ya ukumbi mzima. "Wenzangu," akasema, "naona jeshi letu limeanza kuajiri tembo." Walicheka hadi mmoja akaanguka na kiti. Wiki iliyofuata wakanifanya katibu, ili nisishike tena sindano.

Sikufichi, nilipenda. Tangu wanangu wahame, nyumba hii ilikuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani ikijisemesha. Njiti alipokuja kwetu kujifunza ufundi wa redio tukapata uhai kidogo, lakini yeye hushinda karakana kutwa. Alhamisi nilikuwa na mahali pa kwenda nimepaka mdomo rangi.

Miezi minne iliyopita, Kipaza alituletea kazi mpya kutoka ofisi ya wilaya. Tupite nyumba kwa nyumba, tuwahimize watu kujiandikisha kupiga kura, na tuandike kila anayeishi humo: jina, umri, kazi. Safu tatu tu. Kila mama alipewa mtaa wake, na atakayeleta majina mengi kuliko wote angepewa chupa ya chai, ile kubwa yenye maua.

Wewe unanijua mimi na zawadi. Nilitoka na viatu vya raba na daftari kwapani. Watu wakinifungulia kwa furaha, wakinikaribisha ndani, maana mimi si polisi wala si mkusanya kodi, mimi ni yule mama wa nyumba ya mwisho. Wakiniambia hata nisiyoyauliza. Huyu kijana amerudi juzi kutoka masomoni. Yule analala chumba cha nyuma kwa sababu amegombana na baba yake. Nikaandika, nikaandika. Nilianzia kona ya fundi viatu nikashuka upande wa kushoto. Jua lilipokuwa kali nikavuka barabara pale bombani, nikatafuta kivuli cha upande wa pili, kisha nikarudi upande wangu kwenye nyumba ya mkunga. Nyumba ya kijani niliiruka. Wana mbwa, na mbwa yule aliwahi kula pindo la gauni langu. Shujaa wa taifa nikapita mbio kwa ncha za vidole.

Nyumba yangu niliiweka mwisho, kama mwenye karamu anavyojipakulia baada ya wageni. Na hapo ndipo nilipokosea, mdogo wangu.

Maelekezo yalisema tuandike wakazi wa kudumu. Njiti si mkazi, ni mgeni wetu, kwake ni kwako. Lakini nyumba za wenzangu zilikuwa na majina saba, tisa, na yangu ilikuwa na mawili, la mzee na la bibi yake, yamelala pamoja pale chini ya ukurasa kama kaburi la wanandoa. Nikaona haya. Tena mama wa duka la nguo alikuwa amenikaribia sana kwa idadi. Basi nikamwandika mwanao. Jina kamili, miaka kumi na tisa, fundi redio. Nikalipigia na mstari kwa rula.

Chupa ya chai nilishinda. Iko kabatini. Siitumii.

Bahasha zilianza kuja wiki tano zilizopita, siku ya Jumanne. Huletwa na mtu wa pikipiki asiyevua kofia ngumu, kwa hiyo hakuna anayeijua sura yake. Ya kwanza iliingia kwa fundi viatu. Ilisema kijana wao aripoti uwanja wa mpira kesho yake alfajiri, aje na blanketi na soksi jozi mbili. Njiti alimsindikiza, walikuwa marafiki, akarudi macho yanang'aa. "Mama mkubwa," akaniambia, "hata mimi wakiniita naenda. Nitajificha wapi na urefu huu?" Shemeji yako akamjibu, "Ukisimama kando ya nguzo ya umeme nani atakutambua?" Tukacheka wote watatu. Nilikuwa bado sijaelewa.

Jumanne ya pili zikaja nne. Ya tatu, sita. Mtu wa pikipiki alishuka upande wa kushoto, nyumba hadi nyumba, halafu akafika bombani akavuka. Nilikuwa nimesimama dirishani nakunja nguo. Hakukuwa na sababu ya kuvuka pale, jua halikuwa limetoka hata kidogo. Nikajiambia ni bahati tu.

Lakini nyumba ya kijani haikuletewa bahasha. Ina vijana watatu, vifua kama milango. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba wamehonga. Hawakuhonga, mdogo wangu. Hawamo daftarini. Na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba kilichowaokoa ni mbwa.

Siku hiyo niliweka shati nililokuwa nakunja nikakaa sakafuni.

Sasa nikipita mtaani milango inafungwa kabla sijafika. Mke wa fundi viatu, ambaye tulikuwa tukiazimana masufuria, alinikuta dukani akaongea kwa sauti ili foleni nzima isikie. "Karibu, katibu. Leo umekuja kuandika nani, paka?" Nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji nikatoka.

Jambo jingine. Vifurushi vinarudi. Zamani kilirudi kimoja kwa mwezi, kimepigwa muhuri kwamba hakikupokelewa. Sasa chumba cha nyuma cha ukumbi kimejaa hadi kwenye swichi ya taa. Hakuna anayeuliza wenyewe wako wapi. Tunabandua karatasi ya jina, tunabandika nyingine, tunavituma tena. Alhamisi iliyopita kilichonifikia mkononi kilikuwa cha kijana wa fundi viatu. Ana mwezi mmoja tu tangu aondoke. Wote mezani walikiona. Wakaendelea kukata kamba.

Mkutano ulipoisha nilimsubiri Kipaza wenzetu washuke ngazi.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "kuna jina nililikosea kwenye daftari."

"Wewe? Wewe hukosei, ndiyo maana nilikuchagua."

"Huyu si mkazi. Ni mgeni tu."

"Mgeni anayelala kwako mwaka wa pili?" Hakuinua sauti. Ni mara ya kwanza kumsikia hajainua sauti, na nilitamani angepiga kelele. "Haya, tumfute. Halafu mke wa fundi viatu tumwambieje? Na mimi utaniambiaje? Wangu wawili walikuwa wa kwanza, katibu. Nilianza na nyumba yangu, nikawaandika kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimesahau hilo. Sote tulimpigia makofi siku ile.

Kisha akasogea karibu, akanifunga kitufe cha juu cha blauzi kama mama anavyomfunga mtoto anayekwenda shule. "Nakupenda," akasema, "kwa hiyo sikusikia ulichosema." Akazima taa, nami nikashuka ngazi zile nikishikilia ukuta.

Jumanne iliyopita mtu wa pikipiki aliishia kwa mkunga. Kati ya mkunga na mimi kuna nyumba tatu. Mkunga mwenyewe alikuja kukaa jikoni kwetu, akanywa chai yake ikiwa imepoa, akaondoka. Nilimwandika mwanawe huku nikila biskuti zake.

Sikumweleza Njiti kwamba mimi ndiye niliyemwandika. Ningemweleza angesema, "Basi, mama mkubwa, si aibu, wenzangu wote wameenda," na angekwenda mwenyewe uwanjani akipiga mluzi. Ndivyo alivyo; hawezi kuona mtu amebeba mzigo asishike upande mmoja. Ndiyo maana nimekutia ugonjwa wewe. Kwa mama mgonjwa atakwenda bila kubishana. Leo hii, Jumapili, mpakani yeye ni kijana tu anayekwenda kumwona mama yake. Keshokutwa atakuwa mtu aliyeitwa akakimbia. Shemeji yako anamsindikiza hadi kituoni, na tumemfungia nguo chache ili asishuku.

Kwa hiyo ugua, mdogo wangu. Ugua wiki hii na ijayo. Ukichoka na mgongo, hamia kwenye goti. Mtafutie karakana huko, mtafutie mchumba kama ikibidi, mchanie viatu asitoke. Siku akijua ukweli mwambie anichukie akiwa hukohuko.

Jumanne mimi nitaifungua hiyo bahasha nitie sahihi. Wataniuliza yuko wapi, nitasema sijui. Hawataamini, mtaa mzima unajua ana mama ng'ambo. Najua pia kwamba watakaokuja kuniuliza mara ya pili hawatakuwa na pikipiki. Usilie. Mimi ni mama wa makamo mwenye miguu mibovu, watu kama mimi hatuna faida kubwa kwa mtu yeyote. Ila Kipaza amekwisha kuniambia kwamba Alhamisi kuna daftari jipya, la mabinti wa miaka kumi na minane na kuendelea, na kwamba wilaya imeniomba mimi kwa jina.

Msalimie wifi yako na wanawe, na yule mzee jirani aliyenipa mbegu za pilipili. Mwambie zimeota ila hazina ukali, zimenifuata mimi. Shemeji yako anasalimu. Anasema umrudishie koleo lake ulilokwenda nalo miaka tisa iliyopita, halafu anasema hapana, kaa nalo.

Namsikia Njiti anafunga mkoba sebuleni, anaimba vibaya. Nina dakika chache.

Jambo hili ulishike kuliko yote. Mwezi huu au ujao huenda ukapata barua kutoka kwangu. Itakuwa na salamu zote, itauliza presha yako, itakutania kuhusu kikohozi. Itasema mambo yametulia huku, nilikuwa na hofu za kizee tu, umrudishe Njiti aje amalizie ufundi wake. Usimrudishe. Chozi likidondoka juu ya karatasi usimrudishe. Hata ukiwa na hakika kwamba ni mimi kweli niliyeiandika, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu, usimrudishe.

Mungu awafunike ninyi wawili chini ya paa moja na asilifunue.

Ni mimi nikupendaye, jana, leo, na katika barua yoyote ile,

Dada yako Mkubwa.