Daraja Ulilolipinga, Mama

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua huko uliko umeshaitikia.

Asubuhi za ukungu wa ziwa bado nakuona pale Igoma, umekunja kitenge hadi magotini, viatu vya kikao kwenye mfuko, unavuka kijito taratibu utadhani maji yamelala na hutaki kuyaamsha. Ng'ambo nilikufuta miguu kwa khanga, ukavaa viatu, ukawa diwani tena.

Mfumo wa vyama vingi ulikuwa mpya, na baraza la madiwani lilikuwa limegawanyika. Chama chako kilikuwa na viti vichache. Mara tatu ulipeleka sheria ndogo ya kutenga sehemu ya ushuru wa soko ili daraja lijengwe, na mara tatu wale wenye viti vingi wakaikataa. Daraja walilitaka. Hawakutaka liwe lako.

Ndipo ukanishika mkono tukaenda kwa mzee mmoja, diwani wa upande wao, ukampa karatasi yako.

"Isome wewe barazani kama yako, mzee. Mimi nitaipinga."

"Watu wako watakunyima kura, mama."

"Watakuja kuninyima wakiwa na miguu mikavu."

Nilikaa kwenye benchi la wananchi siku ile. Uliipinga kwa moyo wote, sauti juu, na kila ulivyozidi kuipinga ndivyo wenzake yule mzee walivyozidi kuipenda. Ikapita. Nilikuona umebana midomo usicheke.

Igoma ikasema mama hataki daraja. Wanawake bombani wakaacha kukusalimu, na uchaguzi ulipofika wakakuangusha. Nilikukasirikia sana, mama. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima, ukaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya dagaa.

"Nyamaza, mwanangu. Wakijua ni langu watalibomoa."

Nikanyamaza hadi nikazoea. Nakukumbuka siku daraja lilipokwisha kujengwa, umesimama katikati ya daraja na viatu miguuni, unatazama maji yakipita chini yako kuelekea ziwani. Nami sikutaka twende nyumbani.

Juzi mvua ilijaza kijito. Nikiwa pale pale uliposimama, mama mmoja akatua ndoo yake ya sato apumzike, akaniuliza daraja hili alilijenga nani.

"Mama yangu," nikamwambia. "Yule aliyelipinga."

Nikamweleza yote. Nisamehe, nimevunja ahadi yetu. Daraja bado limesimama.

Pumzika, mama.

Mwanao,
mfuta miguu wako