Supu ya Samaki na Maboga

Mbeya,
11 Mei 2025

Kwa mama yangu, Bi Kudra, Mlandege, Iringa.

Assalaam alaikum, Mama, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua niliyoyapata njiani yamekataa kuniaga. Nakuulizia wewe: goti linasemaje na baridi hii inayoanza? Kuku wako wameacha kutagia kwenye kikapu cha nguo? Na yule jirani wa ukuta mmoja, bado anaazima jiko asubuhi na kulirudisha jioni na majivu yake? Nisalimie wote, hata yeye.

Nimerudi Jumanne. Najua ungependa nikupigie simu, lakini kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Ukisema tu "Batuli", nalia, nikilia, unakata. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani kwa kaka, naandika taratibu. Sijasahau ulichoniuliza nilipokuja kukuaga. Uliniambia chumba cha Hamza umekifagia, kitanda kipo, na kwamba nikitoka kwa Nusrat nikupe jibu: nahamia Mlandege tuzeeke pamoja, au siji. Jibu ninalo, Mama. Ila nivumilie nianze na safari, maana jibu lenyewe nililipata huko, ndani ya jiko la watu.

Kisiwa anachosoma mjukuu wako Nusrat kinaitwa Jeju, kiko Korea. Sijui nikueleze vipi. Ni kama mtu aliiota Iringa, halafu akaizungushia bahari. Mawe yako kila mahali, ila ni meusi na yana matundu kama andazi lililozidi hamira. Wameyapanga kuta kuzunguka mashamba bila udongo wala saruji, na upepo ukipita katikati yake unatoa sauti kama mtu anayepuliza chai. Kuna vilima vya mviringo, na maua ya njano mpaka ufukweni, na mapanga makubwa meupe yanazungushwa na upepo kutoa umeme. Hayo ndiyo Nusrat anayosomea. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka mpaka siioni miguu yangu, na mara kadhaa nilisimama njiani kumsubiri muadhini wa Mlandege aanze.

Shida ilikuwa chakula. Kisiwa kile kinasifika kwa nguruwe weusi, na picha ya nguruwe iko karibu kila mlango, amechorwa anacheka kana kwamba hajui kinachoendelea ndani. Siku za mwanzo tulikula mayai na wali chumbani kwa Nusrat. Halafu akaanza kutafuta hoteli kwenye simu yake, akisoma watu wamesema nini na wametoa nyota ngapi. Tukaenda kwenye moja ya nyota nyingi. Tulipanga foleni nyuma ya vijana wanaopiga picha chakula mpaka kinapoa. Tambi zilikuwa nzuri kwa macho. Nikamwambia Nusrat kwamba baba yake angelala njaa kuliko kupanga foleni ya tambi. Akacheka, akasema basi nimwoneshe baba angefanyaje.

Unamjua mwanao Hamza. Ile miaka aliyokuwa akinipakia kwenye lori kwenda Tunduma, hakuwahi kusoma kibao cha hoteli. Iwe Makambako, iwe Igawa, iwe Chimala, alipaki pembeni, akashuka, akasimama kidogo kama anayesikiliza redio, akifuata harufu. Kisha akaingia moja kwa moja jikoni kumsalimia mpishi. Hakuuliza kuna nini. Alikuwa akiniambia mpishi akikuitikia vizuri, kaa ule. Akikununia, hata chumvi yake itakuwa imenuna. Akina mama wa jikoni barabara nzima walimwita Shemeji, na mimi nilikuwa nikimuuliza hao dada zao amewaoa lini.

Basi siku moja tukashuka kwenye basi katika kijiji cha wavuvi, ukungu umetanda, na mimi nikasimama kama yeye. Harufu ya samaki na kitunguu saumu ikanijia kutoka kwenye nyumba fupi ya mawe. Hapakuwa na picha ya nguruwe. Mlangoni palikuwa na ndala na viatu vya watu wazima vimepangwa, kama kwetu penye shughuli. Nikavua vyangu. Nusrat alikuwa bado ameinama anafungua kamba za raba zake, mimi nikapiga hodi nikapita mpaka jikoni.

Mpishi alikuwa bibi mfupi, upawa mkononi. Nikaweka mkono kifuani, nikamwamkia kwa Kiswahili, sikuwa na lugha nyingine. Akanitazama mtandio, akanitazama mikono. Kisha, Mama, akanivisha aproni! Akanikabidhi kisu, akanielekeza kwa kidole kwenye beseni lenye boga. Nami ningefanyaje? Nikakaa nikaanza kumenya.

Nusrat alipoingia alishika kichwa. Akaniambia huku mtu haingii jikoni kwa watu, nitaitiwa polisi. Akamwomba bibi radhi, akainama mara nyingi mpaka nikamhurumia mgongo. Kumbe bibi alikuwa akimsubiri mwanamke wa kumsaidia kazi, aliyeahidiwa kutoka mjini, akadhani ndiye mimi. Alipoelewa alicheka mpaka akakalia kreti la samaki. Akasema hata hivyo nisivue aproni, maana yule wa mjini kama angekuja asingesalimia. Nusrat akauliza kwa adabu kama kwenye supu kuna chochote cha nguruwe. Bibi akakasirika kidogo. Akasema nguruwe akitaka kuingia jiko lake, kwanza akajifunze kuogelea.

Nikamaliza boga, maana kuliacha nusu ningeona aibu. Nilikuwa nalikatia kiganjani, kisu kikija kwenye dole gumba, kama ulivyonifundisha. Bibi alishindwa kuvumilia, akaniwekea kibao. Samaki wao ni mwembamba na mrefu, anang'aa kama panga jipya. Usinicheke: samaki yule walimpika na maboga! Nilipomwona bibi anayatumbukiza nilijua kachanganyikiwa. Lakini ilipoiva, pamoja na majani machanga na pilipili ya kijani, ilikuwa supu nyeupe, nyepesi, tamu bila sukari. Wateja walipopungua akatuandalia mezani kwake mle mle jikoni, meza fupi, tukakaa chini.

Sasa sikiliza. Tangu niolewe, samaki akiwekwa mezani, mimi husogeza kipande cha tumbo pembeni kwa ajili ya Hamza. Mwaka juzi alipotutoka, mkono haukuacha. Hapa kwa kaka nasogeza, watoto wanakichukua, hakuna anayejua. Na kule nikakisogeza. Bibi akaona. Akamuuliza Nusrat kile ni cha nani. Nusrat akanitazama, akajibu ni cha baba yake, ambaye hayupo duniani.

Bibi aliweka vijiti vyake chini. Kisha akasema, naye Nusrat akinitafsiria polepole, kwamba mume wake alienda baharini hakurudi, na yeye alimtengea chakula kila siku mpaka paka wa jirani akanenepa. Tulicheka wote watatu, na macho yetu yalikuwa na maji. Akakichukua kile kipande kwa vijiti vyake, akakiweka juu ya wali wangu. Akasema aliyetengewa ameshaona kwamba ametengewa. Sasa nile, kinapoa.

Nikala, Mama. Ukungu ulikuwa umefika mpaka dirishani, nyumba nzima kama inaelea. Nilihisi Hamza yuko nje, anazunguka lori lake akigonga matairi, hana haraka, ananisubiri nimalize. Sikulia. Kilikuwa kitamu, nikakimaliza chote.

Hapo ndipo nilipolijua jibu lako, na sasa siwezi tena kulizungusha. Kabla sijasafiri, Yunusu wa Rujewa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alimtuma mjomba wake kwa kaka kuja kuniposa. Unamfahamu. Ndiye aliyekuwa akimpakilia Hamza mchele, ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele, na ndiye uliyempa koti la marehemu kwa mkono wako. Mke wake alifariki kabla ya Hamza. Ni mtu mpole. Sikumjibu, na sikumwambia mtu. Jioni ile tukirudi na basi nilimwambia Nusrat. Akaniuliza kama Yunusu anakoroma, maana baba alikuwa anakoroma na mimi nilishazoea.

Nimekubali, Mama. Nimemwambia kaka hivyo, lakini nikamwomba siku isipangwe mpaka wewe uwe umelisikia kwangu na si kwa watu wa sokoni. Kwa hiyo siji kukaa Mlandege. Chumba kile usikifagie tena kwa ajili yangu.

Siogopi maneno ya watu. Naogopa kitu kimoja tu: kwamba siku nitakayoolewa nitakoma kuwa mwanao. Nilikuja kwako binti asiyejua hata kuchochea kuni mbichi. Nilipojifungua Nusrat ni wewe uliyenikanda, ukaniamrisha ninywe uji nikiwa sitaki. Aliyenifunga kwako alikuwa Hamza, na Hamza hayupo, na sasa nakwenda kwa mwanamume mwingine. Sijui sheria ya moyo inasemaje hapo.

Ndoa itakuwa hapa hapa kwa kaka, ya watu wachache, baada ya mavuno ya mpunga. Mama yangu mzazi hayupo, unajua. Wanawake watakapokaa ndani, pembeni yangu lazima akae mama. Shangazi amejitolea, sijamjibu. Nakuomba wewe. Hutalazimika kuimba wala kucheka, ukae tu, goti lako tutaliwekea mto. Na kama moyo utakataa, sitakuja kuulazimisha. Nitaendelea kukuletea Nusrat kila likizo, na mchele kila msimu, na unaweza kuupokea bila kunisemesha. Sitanuna.

Kaka na wanawe wanakuamkia. Nusrat anakuamkia sana, anasema akirudi mwakani anataka kulala kitandani kwako, upande wa ukutani. Mungu akulinde na baridi.

Ukisimama kuswali usiku na majina ya wanao yakikupitia mdomoni, Mama, unikumbuke na mimi.

Ni mimi mwanao,
Batuli