Sura ya Baba kwa Vitone Vyeusi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Malindi yetu ya milimani? Huku Mwanza joto limetukalia, lakini mimi ni mzima, nakula vizuri, na nimenenepa kidogo, usianze kuuliza.

Kwenye bahasha hii kuna fulana moja yenye sura ya Baba. Zile nyingine za ibada ya kuweka msalaba kaburini kwake sijazichapa, na sitazichapa mpaka nikusikie.

Kazi yetu ina ubishi wake. Wino tulio nao ni mweusi tu, hakuna wa kijivu. Kwa hiyo kompyuta huivunja picha kuwa vitone: penye kivuli vinakuwa vinene, penye mwanga vidogo kama mbegu za mchicha, na jicho lenyewe linajidanganya kwamba limeona kijivu. Nami nilijiona fundi. Nikachukua ile picha uliyoikata kwenye gazeti la kanisa, nikaipitisha vivyo hivyo. Mama, Baba akatoka na mawimbi uso mzima, utadhani pundamilia! Kumbe gazeti nalo lilikuwa limechapwa kwa vitone, nami nimepanga vyangu juu ya vyao, vikagombana. Neema, mwenzangu wa kazini, alicheka mpaka akakaa chini.

Nilihangaika nayo siku tatu. Kwanza nikaififisha picha mpaka vitone vya gazeti vikapotea, kisha nikaiambia kompyuta ivitawanye vyangu ovyo ovyo, bila safu. Mawimbi yakaisha. Nilifurahi, nikatamani ungekuwepo. Neema naye akaja kuangalia, safari hii hakucheka.

"Ndivyo alivyokuwa?" akaniuliza.

Ningejuaje, Mama? Alipofariki ulikuwa bado unanibeba mgongoni. Sura yake naijua kwa kipande hicho cha gazeti tu, na katika kukififisha huenda nimemfuta kitu ambacho sikujua kama kipo.

Basi, fulana hii usiisogeze puani kama unavyosoma Biblia, utaona vitone vitupu. Itundike ukuta wa jikoni, usimame mlangoni, ndipo umtazame.

Wasalimie mjomba na mahindi yake, na majirani waliokusaidia kuvuna viazi. Shangazi, dada yake Baba, msalimie sana, ila asikujibie. Yeye kila mtoto wa ukoo humwona ni Baba. Na wewe usinisifie kwa kuwa ni mwanao. Kama si yeye, sema, nitaanza upya bila kinyongo. Na kama ni yeye, Mama, nami nitakuwa nimemwona.

Mwanao,
Zawadi