Mgeni Asitoke Machoni

Getini msituni,
3 Juni 1996

Kwa Tata mkwe,

Shikamoo. Mimi na Baraka hatujambo, mafua yake yamepona. Ackson ameandika kutoka Tunduma, anasema mitumba inatoka na anawasalimu wote. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama na goti lako limetulia.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu Ackson anioe huu ni mwaka wa tisa, nami sijawahi kukuona uso wala kukusemesha, kama mila yetu inavyomtaka mke kwa baba wa mumewe. Ukitokea njiani mimi naingia migombani. Nikiwa kisimani wewe unakohoa kwa mbali ili nipishe. Nilimuuliza Mama kama barua nayo ni kosa. Alicheka, akasema karatasi haina macho. Basi naandika, nikikosea unisamehe.

Nimepata kazi ya kuongoza wageni kwenye ile njia mpya ya matembezi katika msitu wa hifadhi. Wanaitaka iwe njia rahisi ya saa mbili, hata bibi wa Kizungu mwenye fimbo aipite na arudi na pumzi zake. Mwisho wa mwezi huu mkaguzi anakuja kutoka Mbeya nimpitishe. Nikipotea naye, kazi ndiyo basi. Na kupotea ninapotea, Tata. Alama nyekundu walizopaka kwenye miti zinaniacha nikishapita mianzi, na mara mbili nimetokea kwenye korongo. Wewe umeulinda msitu huu miaka thelathini na mmoja. Mama alijaribu kuniletea maelekezo yako, ila yalipofika kwangu kulia ilikuwa imeshakuwa kushoto, na mwenyewe anakiri.

Niandikie, tafadhali. Barua hii naiacha dukani kwa Bushiri, na yako ataniwekea.

Mkweo,
Tulia


Nyumbani,
9 Juni 1996

Mama Baraka,

Marahaba. Tupo, baridi ya Juni inatukumbusha umri. Goti huniuma asubuhi, mchana hunisahau. Mpe Baraka pole ya mafua.

Barua yako niliisomea nyuma ya nyumba kama mtu aliyeiba mkungu wa ndizi. Nilipofika mwisho sikuona dhambi yoyote ndani yake, nikairudia tena nikiwa nimekaa barazani.

Sikiliza. Ukishapita mianzi usifuate alama. Waliopaka walifuata njia ya nguruwe, na nguruwe hana habari na korongo. Simama usikilize maji. Utayasikia upande wa kulia. Yashukie taratibu mpaka kwenye mti mkubwa uliolala, kisha pinda uyaache maji mgongoni. Mbele kuna jiwe bapa, wapumzishe hapo wageni wako wasije wakasema Rungwe inaua watu. Kutoka pale kuna uwazi ambamo mbega hushuka kabla ya saa tatu asubuhi. Usiwaonyeshe kwa kidole. Nyamaza tu, wageni watawaona wenyewe na watafurahi zaidi.

Mwezi wa pili walipotupunguza kazini walichukua koti, viatu na panga. Njia zimebaki kichwani, kwa hiyo zitumie.

Tena kanuni zile zilizobandikwa getini uzishike zote. Ya tatu hasa: mgeni asitoke machoni pa kiongozi. Mwaka wa sabini na nne mwalimu mmoja alibaki nyuma hatua chache kufunga kamba ya kiatu. Tulimtafuta siku mbili, na tulipompata alikuwa hawezi kusema. Kanuni ile niliiomba mimi ofisini iandikwe.

Ndaga fijo, asante sana kwa kuniuliza.

Babu yake Baraka


Getini,
5 Julai 1996

Kwa Tata mkwe,

Shikamoo. Sisi wazima, natumaini nanyi pia. Mama aliniambia mmeshaanza kuvuna maharage, poleni na kazi.

Mkaguzi alikuja na nilimpitisha kwa saa moja na dakika hamsini. Kwenye mti uliolala aliniuliza nimejuaje kona ile wakati alama haipo. Nikamjibu nimefundishwa na mzee wangu. Mbega walishuka, nikanyamaza, naye akawaona mwenyewe akanishika mkono kwa furaha. Kazi nimethibitishwa. Ndaga, Tata.

Lakini nina neno zito. Meshaki wa getini ameniambia kuwa Ijumaa iliyopita, nilipokuwa sokoni Tukuyu, ulikuja na fimbo yako ukitaka kuingia. Akakusomea kwamba siku hizi haingii mtu bila kiongozi, hata mwenyeji. Anasema hukubisha. Ulisimama kidogo, ukamwambia bawaba ya geti inataka mafuta, ukarudi. Meshaki aliona aibu, nami nilivyosikia nililia.

Kiongozi ni mimi peke yangu mpaka watakapomwajiri mwingine, na Meshaki haruhusiwi kuacha geti. Nitafute namna ya kukuingiza?

Mkweo,
Tulia


Nyumbani,
11 Julai 1996

Mama Baraka,

Marahaba. Hongera ya kazi. Mama yako ametangaza habari hiyo mpaka kwa ndugu zake wa Ikuti, na sasa huko wanadhani umekuwa bwana misitu.

Kuhusu Ijumaa ile, usimlaumu Meshaki. Alifanya kazi yake, nami ningemlaumu kama angenifungulia. Siwezi kuwafukuza watu miaka thelathini na mmoja kwa kanuni, halafu nikaomba nipitishwe kwa uso.

Na kwako haiwezekani, umeshaona mwenyewe. Ofisi inasema mgeni asitoke machoni pa kiongozi. Mila inasema mkwe na baba mkwe wasionane. Nikiingia nawe lazima moja ivunjwe, na mimi si mvunjaji. Mama yako alizunguka njia kumkwepa baba yangu miaka kumi na minane, kwa mvua na kwa mimba, mpaka tulipomzika. Alikuwa na heshima hiyo nyumbani kwangu, nawe unayo. Siwezi kuichezea.

Sitaficha, nimeumia. Tangu mwezi wa pili naamka saa kumi na moja na sina pa kwenda. Nakaa nikiutazama mlima kutoka barazani, na si sawa na kuwa ndani. Ningependa niufikie ule uwazi hata mara moja goti likiwa bado linakubali. Lakini tuyaache.

Babu yake Baraka


Getini,
25 Agosti 1996

Kwa Tata mkwe,

Shikamoo. Nimekaa kimya wiki sita, si kwa dharau. Nilikuwa nafikiri, na wageni wa Julai walikuwa wengi. Baraka ameng'oka jino. Natumaini mko salama.

Ijumaa hii hakuna wageni. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimeshaingia. Meshaki atakuandikia kibali, nawe utanifuata ukiwa nyuma kwa kona moja. Mimi nitakuwa nagonga miti kwa fimbo ili usikie niko wapi, nawe utakohoa kama unavyokohoa kisimani. Hatutaonana. Kanuni ya tatu nitakuwa nimeivunja mimi, na wewe hutakuwa na kosa.

Usiponijibu nitaelewa. Ijumaa nitaingia hivyo hivyo.

Mkweo,
Tulia


Getini,
1 Septemba 1996

Kwa Tata mkwe,

Shikamoo, na pole sana. Mama amesema goti limevimba, umelala, na hutaki kuzungumza na mtu. Nimemwachia mafuta ya kuchua na papai.

Tata, nataka ujue kwamba Ijumaa ulipokuja sikukuona. Mpaka kwenye jiwe bapa nilikuwa nakusikia vizuri, nikawa nimefurahi hata nikasahau kugonga. Halafu kikohozi kikakatika. Niliita, hukujibu. Niliogopa nikamkumbuka yule mwalimu. Nilivyosikia majani yakitikisika kule chini ya njia, upande wa korongo, nilijua umeteleza. Ningeweza kugeuka nikimbie, lakini nilikumbuka maneno yako kuhusu mila, ndiyo nikarudi kinyumenyume nikipapasa kwa miguu. Nilichelewa kwa sababu hiyo, nawe ulikuwa kwenye maumivu. Hilo linaninyima usingizi.

Ulipoishika fimbo niliyoinyoosha nyuma yangu, nilishukuru Mungu. Tulitembea saa nzima mpaka getini, wewe mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine, na sikugeuza shingo. Meshaki anasema hajawahi kuona kitu kama kile.

Uwazi hatukuufikia. Nisamehe kwa yote mawili.

Mkweo,
Tulia


Nyumbani,
24 Septemba 1996

Mwanangu Tulia,

Marahaba. Goti limepungua. Papai tulilila, mafuta yananuka lakini yanafanya kazi. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilinichukua muda kujua ni ya nani.

Kwanza nakugombeza. Ulimwacha mgeni nyuma yako kwenye njia yenye utelezi. Kisha ukarudi kinyumenyume kwenye ukingo wa korongo, ukiwa mama wa mtoto mdogo. Ungekuwa mlinzi chini yangu ningekusimamisha kazi siku ileile. Mimi nami nilikubali kuja, kwa hiyo ningejisimamisha pia.

Nililala kule chini kama dakika ishirini. Nilikusikia ukiita sikujibu, kwa sababu sijawahi kukujibu. Nilikuwa nimeumia na nimefunga mdomo kwa heshima. Hilo ndilo ninalolifikiria kitandani.

Halafu nikafikiria ile fimbo. Saa nzima nilitazama visigino vyako. Wazungu wanaokaa siku mbili Tukuyu wanakuja hapo getini, wanakutazama, wanakupiga picha wanakwenda nazo kwao. Mimi ni babu wa mwanao, na nikiambiwa nikutambue kwa uso kati ya wanawake watatu siwezi.

Kanuni ya msitu si yangu tena, na inaokoa watu. Hii ya nyumbani mwenyewe ni mimi. Mchungaji alishasema miaka mingi iliyopita kwamba mwenye kutaka aiache, nikawa naziba masikio. Mtu niliyeogopa kumwambia ni mama yako. Juzi nilimwambia kwamba naiacha. Alimaliza kula, akaosha vyombo vyote. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nilizunguka bure?" Nilimwambia hapana. Alilia, nami nilikaa naye. Asubuhi aliniambia kuku wa kukukaribisha atamchinja yeye mwenyewe, na kwamba wewe usizunguke tena.

Barua hii usiijibu. Jumapili mkitoka ibadani njoo na Baraka, upite uani watu wakuone. Nitakuwa nimekaa barazani. Usiinamishe uso, na mimi sitakohoa. Tukishakula tutapanga Ijumaa ya kwenda kwenye uwazi, wewe ukiwa ubavuni kwangu.

Tata