Nimemzika Mume Wangu Akiwa Hai Ili Tupate Ruzuku

Mshauri wetu wa redioni, nakusihi usiisome barua hii ukaiweka kando, maana Jumanne haiko mbali na mimi sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mume wangu ni mwashi, au niseme alikuwa mwashi, kwa sababu mwaka jana jukwaa lilikatika akiwa ghorofa ya pili akaanguka, nyonga ikavunjika, tangu hapo ni mtu wa kitandani, akijitahidi sana anafika mlangoni kwa fimbo, na mimi ndiye ninayemwogesha, ninayelisha watoto wawili, ninayemkwepa mwenye nyumba, basi niliposikia serikali inaandikisha kaya zenye kipato kidogo ili zipewe ruzuku kila mwezi nikasema Mungu kanisikia, nikaenda kupanga foleni.

Nyuma yangu alisimama jirani yangu tunayemwita Mama Redio, samahani, si kwa ubaya, ni kwamba jambo likimfikia yeye limeufikia mtaa mzima, akaninong'oneza, "Shoga, ukisema una mume umejimaliza. Watakuambia mumeo akakutafutie. Sema mjane, wajane wanapita." Nikacheka, lakini nilipofika mezani yule binti mwandikishaji akaniuliza, "Mama, baba watoto yuko wapi?" na sijui shetani gani alinishika ulimi, nikasema alishatangulia mbele ya haki, akaweka kalamu chini akasema, "Pole sana mama. Aliugua?" nikamjibu, "Alianguka kazini," na machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, maana siku ile alipoanguka mimi nilipiga magoti kushukuru kwamba amepona.

Jina limepita. Sasa wametangaza kwamba Jumanne wanakuja nyumba kwa nyumba kuhakiki, wanaongea na watoto, wanaongea na majirani, na Mama Redio akanipa akili nyingine, nimpeleke mume wangu kwa kaka yake siku hiyo moja, na watoto niwafundishe la kusema. Mkubwa aliniacha nikiongea, akaenda kumchotea baba yake maji. Mdogo nilidhani ameelewa, kumbe akaenda moja kwa moja kitandani kwa baba yake akamuuliza, "Baba, Jumanne utakufa saa ngapi?"

Mshauri, mume wangu hakugomba, bora angegomba. Aliniita akaniambia, "Kumbe nimeshazikwa, na maziko yangu mwenyewe sikualikwa." Nikamwomba aende kwa shemeji siku moja tu, kwa ajili ya watoto, akanigeuzia mgongo akasema, "Sitoki. Maiti haijihamishi." Tangu hapo haniongeleshi, chakula nikimpelekea mimi hapokei mpaka apelekewe na mkubwa. Akibaki nitaumbuka, watanikata jina, labda wataniitia polisi, na nikimtoa kwa nguvu sina mume tena. Nifanyeje? Usingizi umenihama.

Mke wa Marehemu Aliye Hai

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa marehemu, barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote ili jibu likuwahi, kwa hiyo kaa chini usikilize, na machozi uyaweke kwanza.

Pole. Kuogesha mtu mzima, kushona, kulisha, kujificha mwenye nyumba akipita, hiyo si kazi ya mtu mmoja, na shida haina adabu, najua. Lakini jamani, dada yangu! Mtu kaanguka kutoka ghorofani hakufa, aje afie kwenye ulimi wa mkewe?

Na kinachoniuma zaidi, umemuua bure. Nimempigia mtu ninayemfahamu anayefanya kazi hiyo hiyo ya kuhakiki, nikamuuliza bila kukutaja. Alishangaa. "Mume asiyeweza kufanya kazi?" akasema. "Hicho si ndicho kingembeba mkewe!" Umeona? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umechukua kifo ukafichia maradhi. Na elimu yote hiyo umeipata kwa mtu aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni, asiyejua zaidi yako ila kunong'ona.

Sasa, mume haendi kwa kaka yake wala kwa nani. Kesho Jumatatu ofisi ikifunguliwa uwe mlangoni, vyeti vyake vya hospitali mkononi. Mtafute yule yule binti aliyekupa pole, umwambie, "Nilikudanganya. Mume wangu yu hai, ila hawezi kazi." Usipambe, na Mama Redio usimtaje, ulimi ulikuwa wako. Sikupi ahadi yoyote. Wanaweza kukukata jina ukaanza upya, na itauma. Lakini anayekwenda mwenyewe hasikilizwi sawa na anayefumaniwa, na ukifumaniwa Jumanne ni mbele ya wanao.

Yule mdogo mpakate umwambie baba hafi Jumanne, mama alisema uongo. Kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Na mkubwa mwombe radhi, yeye alielewa tangu mwanzo.

Ila hayo yote yanasubiri. Nikimaliza kusema, zima redio ukakae ukingoni mwa kitanda cha mumeo. (Na kama unanisikia hapo ulipolala, shemeji, pole na wewe, nasema kwa moyo wote.) Habari za ruzuku usimguse nazo, wala za vyeti, wala za nini kingembeba nani. Mwombe msamaha kwanza, akusamehe asikusamehe, ndipo uende ofisini. Ukitanguliza ofisi, atajua umemfufua kwa ajili ya hela.

Na Jumanne wakibisha hodi, wewe nyamaza. Mwache yeye aseme karibuni.