Viti vya Siku ya Mkaguzi

Mjukuu wangu Apio,

Hapa Naguru hatujambo, kikohozi cha babu yako kimepona. Umepewa kazi ya kukagua vituo vya walemavu, unauliza, "Jaja, nianzie wapi?"

Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa mpishi katika kituo kimoja cha serikali. Afande mmoja alipokuja kukagua, akina mama wasiotembea walikuwa wamekalishwa kwenye viti vipya vya magurudumu. Akasifu, akaaga. Papo hapo viti vikapakiwa kwenye lori, akina mama wakaachwa sakafuni.

Mara afande akarudi, amesahau kofia. Kuwaona chini, akadhani wamempigia magoti!

"Inukeni, akina mama," akasema akitabasamu. "Heshima yenu nimeipokea."

Mungu wangu! Hakuna aliyethubutu kumwambia. Naye akasimama pale, akingoja wainuke.

Ukifika, mwanangu, keti nao chini kwanza.

Jaja wako