Ngumi ya Kulwa

Dada yangu Leticia,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu hasira haijanitoa adabu, na wewe ni mkubwa wangu hata leo. Nimekupigia simu mara nyingi, na kila mara unaniambia uko kikaoni, utanipigia ukitoka. Vikao vyako hivyo haviishi. Nimeona basi nikuandikie, tena niandike barua ambayo walimu wengine nao wataisoma, maana jambo lenyewe sasa limeshawafikia.

Juzi tumepokea mwalimu mpya shuleni kwetu, kijana mchangamfu, ametoka kwenye mafunzo uliyoyaendesha huko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Wakati wa chai alinivuta pembeni, anataka kunigawia siri ya kazi. "Madam, kuna mbinu moja itakusaidia sana," akaniambia. "Darasa zima linanyoosha mikono. Anayejua anafungua kiganja, asiyejua anafumba ngumi. Wakija wageni, wewe unaita viganja tu. Ngumi unaziruka." Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. Nikamuuliza amefundishwa na nani. Akataja jina lako, kwa heshima kabisa, na akashangaa kwa nini siandiki.

Hakujua kwamba ngumi ile ilizaliwa mbele ya macho yangu.

Unakumbuka nilivyokuja pale shuleni? Nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu kwenye bahasha, najua majina ya nadharia zote, nikapewa Darasa la Tatu lenye watoto waliobanana wanne wanne kwenye dawati. Wiki ya kwanza haikuisha, ukanikuta nyuma ya ofisi nalia. Hukunibembeleza. Ulisimama ukanitazama, ukauliza, "Unafundisha nani?" Nikakujibu nafundisha Darasa la Tatu. "Darasa halina masikio," ukasema. "Nauliza, unafundisha nani?" Nilikuwa sijui jina la mtoto hata mmoja zaidi ya wale wasumbufu.

Jumapili ile ile, ulipotoka kanisani, ukaniita kwako Butimba. Nilitoka kwetu Mkuyuni na mtandio wangu wa sikukuu, nikidhani nakwenda kula wali. Wali nilikula, lakini baada ya kazi. Tulikaa kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba uliyopanga, pale ulipokuwa unaanika mihogo, ukanifundisha kuandaa somo upya. Ulinikataza kuanza na mada. Ulinikataza hata kuanza na kitabu. Ulisema kabla sijaandika chochote kwenye andalio, niandike juu kabisa, kwa penseli, jina la mtoto mmoja ambaye somo hilo lina hatari ya kumwacha. "Anza na huyo," ulisema. "Wanaokimbia tutawaongezea njia, hawakosi pa kukimbilia. Huyu ukimsahau mwanzoni, mwishoni humpati."

Tukawa tunafanya hivyo kila Jumapili, na Darasa la Tatu tukawa tunalifundisha pamoja. Jirani yako alituita wake wenza, kwa jinsi tulivyokuwa tunabishana pale juu ya jiwe. Nilikuwa nakuletea maandazi ya mama, wewe unakula matatu halafu unalalamika kwamba nakunenepesha. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia siku zile, dada. Nakuambia hivyo wazi ili ujue unachokisoma hapa kinatoka kwa mtu aliyekupenda.

Somo letu kubwa lilikuwa lile la sehemu. Watoto walikuwa wanaogopa robo na nusu kana kwamba ni wachawi. Wewe ukasema hawa ni watoto wa sokoni, mama zao wanapima dagaa kila siku, wanachoogopa ni ubao tu. Tukaomba dagaa, tukaomba kopo za kupimia na kile kindoo cha rangi ambacho soko zima linakiita sado. Tukamwaga dagaa kwenye turubai katikati ya darasa. Wasioweza kusoma kazi yao ilikuwa kumimina na kuhesabu kwa sauti: kopo nne, sado imejaa. Waliowazidi kidogo walichora ile sado na kuandika kopo moja ni nini ya sado, mbili ni nini, tatu ni nini. Wale wakali uliwapa sado mbili na nusu wagawane watu watano, wakatulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Na hakuna kundi lililoweza kumaliza bila kumuuliza mwenzake aliyeshika kopo. Hapo ndipo palikuwa na akili yako yote. Darasa lilinuka dagaa wiki nzima, paka wakawa wanahudhuria kuliko baadhi ya wanafunzi, na Mwalimu Mkuu akatuita ofisini kutugombeza huku anacheka.

Jina la juu kabisa kwenye andalio lile lilikuwa la Kulwa.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii, Kulwa ni binti aliyekuwa anakaa dawati la pili pamoja na pacha wake, Doto. Doto mwepesi, anajibu swali kabla halijaisha. Kulwa alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Ukimuuliza kitu, Doto anajibu. Wewe, dada, ndiye uliyemwona kwanza. Ulisema mtoto asiyejua hana pa kuuweka mkono wake. Akinyoosha ataitwa na kuaibika, asiponyoosha ameshaaibika. Jumapili moja tukiwa juu ya jiwe ukakunja ngumi yako, ukaiinua juu, ukaniuliza, "Je, na hii nayo ikiwa ni jibu?"

Tukakubaliana hivyo. Kila mtoto ananyoosha mkono, kila swali. Kiganja maana yake najua. Ngumi maana yake bado, kazi ikianza njoo kwangu kwanza. Kwanza, dada. Neno hilo lilikuwa lako. Ulikuwa unauliza swali, mikono yote inapanda, unaita viganja viwili vitatu, kisha unawapa kazi na kwenda moja kwa moja kwenye ngumi, unachuchumaa, unaongea taratibu. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono chini. Siku ya kwanza Kulwa aliinua ngumi yake mpaka akanyanyuka kwenye dawati. Ulinitazama kutoka mbele ya darasa ukafumba macho kidogo, na mimi nikajua tumeweza.

Halafu wakaja wageni.

Tuliambiwa wanakuja kuona somo la mfano, na kwamba mwalimu atakayefanya vizuri atachukuliwa kwenda kuwafundisha wenzake. Sote tulisema ni wewe, nani tena? Nilikufurahia mpaka nikafua mapazia ya darasa nyumbani kwetu. Nilibeba dagaa, nilibeba kopo na sado, nikasimama nyuma ya darasa karibu na turubai, nasubiri uniite. Ulifundisha vizuri, siwezi kukunyima hilo. Wageni walikuwa wanaandika na kutikisa vichwa. Mikono ikapanda yote. Ukaita kiganja, ukaita kiganja, ukamwita Doto. Kulwa yupo pale pale ubavuni kwa Doto, ngumi juu. Swali la pili, ngumi juu. Alipochoka mkono mmoja akabadilisha wa pili. Nilidhani unawaridhisha wageni kwanza, kisha utachuchumaa kama siku zote, ili na wao waone kitu chenyewe kilicho kizuri. Nilikuwa nakungoja kwa hamu, nikuone ukikifanya mbele yao.

Mgeni mmoja, yule mama mwenye miwani, ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, mbona wengine wamefumba mikono?"

Nilitabasamu, dada. Nikasema moyoni, sasa ataeleza.

"Ah, ni mazoea yao tu, mama," ukajibu. "Watoto wa huku."

"Kwa hiyo wote hawa wanajua?"

"Wote."

Watoto wa huku. Wewe uliyezaliwa Ukerewe, uliyeniambia ulikaa darasani miaka yako ya kwanza bila kuelewa Kiswahili cha mwalimu wako, leo ni watoto wa huku. Dagaa walibaki kwenye gunia. Hukuniita, na wageni wakapiga makofi.

Baadaye ofisini, wageni wakila pilau, nilikunong'oneza, "Dada, na Kulwa je?" Ukanishika bega. "Mdogo wangu, leo ilikuwa siku ya wageni. Kulwa tutamrudia kesho." Naye Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, amerudisha kopo. Ulimwona, ukamwambia mwenyewe, "Kesho, mwanangu, eh?" Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake uliitwa mjini. Kesho kutwa uliitwa tena. Muhula haujaisha, uhamisho wako ukafika, tukakuchangia kitenge na ndoo ya keki, ukavuka na kivuko. Darasa nikaachiwa mimi.

Nataka ujue kilichofuata, kwa sababu hukuwepo. Nilipouliza swali la kwanza, mikono ikapanda, na Kulwa akafungua kiganja. Nikamwita kwa furaha kabisa. Akasimama. Akawa anatazama ubao, darasa zima linasubiri, na Doto safari hii hakumjibia. Nikamwambia akae. Mapumziko nikamwita, nikamuuliza taratibu kwa nini amefungua kiganja na jibu hana.

"Ngumi haiitwagi, mwalimu," akaniambia.

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu utaratibu ulivyo, kama mtu anayekuelekeza njia.

Najua utasema nini. Utasema sijui ulikotoka, miaka yote uliyofundisha bila mtu kukuona, nyumba ya kupanga, mtoto chuoni. Nayajua yote hayo, nilikuwa nakaa nawe juu ya jiwe. Ungewaambia wale wazito wabaki nyumbani siku ile, kama shule nyingine zinavyofanya, ningechukia lakini ningekuelewa. Huo ni uongo wetu wa kawaida, wote tunaufahamu. Wewe ulifanya kingine. Ulichukua kitu tulichokitengeneza ili Kulwa aonekane, ukakitumia kumficha Kulwa. Na yeye mwenyewe alikusaidia, kwa mikono yake miwili, kwa sababu alikuwa anakuamini. Hapo ndipo uliponiumiza, na sijapona. Sasa unakifundisha hivyo kwa walimu vijana, nao wanakuja kunifundisha mimi wakati wa chai.

Yule kijana nilimweleza mwanzo wa ngumi. Kisha akaniuliza, "Sasa kwa nini Madam Leticia hakutuambia?" Mjibu wewe.

Mimi mikono nimeiacha. Watoto wangu hawanyooshi tena, wanabaki na kazi zao mezani, nami nazunguka dawati kwa dawati. Inachosha na vipindi havitoshi. Jina la penseli bado naliandika juu ya kila andalio, na Jumapili naandaa peke yangu kibarazani kwa mama, maandazi yananidodea. Nilipanda nao hao watoto mpaka Darasa la Nne. Kulwa anasoma sasa, polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Kunena mbele ya wenzake hataki.

Lakini wiki hii, baada ya maneno ya yule kijana, nilipokuwa napita kati ya madawati nikiuliza swali la sado, niliinama kuokota chaki. Mikono ya wengine ilikuwa juu ya meza. Wa Kulwa ulikuwa chini ya dawati, juu ya paja, na ameufumba. Nikachuchumaa pale pale. Sijui amekuwa akifanya hivyo tangu lini. Nilipomuuliza Doto nje, alinijibu kana kwamba ni jambo la kawaida tu: "Kulwa anasemaga Madam Leticia alisema kesho."

Kwa hiyo sikuombi uniombe radhi. Nakuomba mawili. Utakaposimama tena mbele ya walimu, waambie ngumi ilikuwa ya nini, na uwaambie neno lile lako, kwanza. La pili, vuka uje. Kivuko cha alfajiri kinakufikisha mjini kabla hatujagonga kengele. Njoo siku ambayo hatuna mgeni yeyote, huna haja ya kubeba kitu, dagaa nitaleta mimi. Kulwa bado anakaa dawati la pili, ubavuni kwa Doto. Hatanyoosha mkono. Angalia chini ya dawati, kisha umwite jina lake.

Ni mimi mdogo wako wa Mkuyuni,
uliyeniuliza ninafundisha nani.